Mistari Miwili ya Kaye Yangu

Barua ya revue, jarida la wataalamu, niliisoma mimi kwanza, kabla ya yaya wangu, dada yangu mkubwa, aliyeandika artikle. Halafu nikanyamaza siku nane. Ninaanza na hilo kwa sababu nimechoka kulibeba. Nikiliweka hapa mbele, mengine yatatembea mepesi.

Ninafanya kazi katikati ya Butembo, katika chumba kidogo ambacho watu wanakiita sekretaria: kufotokopi, kuskani, kupiga mashine, kufunga kazi za wanafunzi kwa plastiki. Mimi ndiye wa kupiga mashine, mwenye kuchapa. Masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa sekondari, mais, yaani lakini, kazi za mwisho za watu wa université nimezipiga nyingi mpaka maneno yao yamenizoea. Naweza kuandika «kufuatana na tableau hii inaonekana kwamba» huku nikiwaza chakula. Na huwa naota. Naota kwamba siku moja kitu changu, kilichotoka mkononi mwangu, kitasomwa na mtu asiyenijua, mahali nisipopajua, na atasema: huyu amefanya kazi.

Yaya wangu ni wa kwanza kwa mama. Mimi ninamfuata, hakuna mtoto kati yetu. Kwa hiyo nimemfuata katika kila kitu: nguo zake, viatu vyake, hata walimu wake, ambao siku ya kwanza ya mwaka walikuwa wananitazama kwa furaha («Weye ni mudogo wa ule?») na mwisho wa muhula wananitazama kwa masikitiko. Leo yeye ni assistant kwenye institut moja huko Beni, anafundisha mambo ya kilimo. Wivu wangu juu yake unakaaga tumboni, upande wa kushoto, kama chai iliyonywewa haraka.

Mara moja kwa mwezi alikuwa anakuja kwetu Vulamba, Siku ya Mungu, baada ya ibada. Mama anashusha sahani za maua zinazokaa juu ya kabati. Anaita jirani.

«Huyu njo professeur wetu wa Beni.»

«Mama, miye ni assistant tu.»

«Assistant, professeur, yote ni kusimama mbele ya batu na kusema.» Halafu mama anakumbuka kwamba nami nimesimama pale na sufuria mkononi, anaona huruma. «Na huyu mwingine anafanyaga ku mashine.»

Kana kwamba nasaga muhogo! Koko, mama yake mama, ambaye vita vilimtoa upande wa Kayna na sasa tunalala naye chumba kimoja, ndiye peke yake aliyekuwa anacheka.

Sasa niseme habari ya maharage, kwa sababu artikle, makala ya yaya, ilikuwa ya maharage.

Koko alikuwa na shamba kwenye kilima kati ya Kayna na Luofu. Maisha yake yote alipanda maharage ya kuchanganya: mekundu, meusi, ya njano, yale meupe yenye madoa, yote katika shimo moja na kikapu kimoja. Wataalamu wengi wanasema panda aina moja, iliyo safi. Yaya akajiuliza: je, mchanganyiko wa koko haupunguzi ugonjwa ule wa madoa ya majani? Msimu mmoja, barabara ya huko ikiwa bado inapitika, akaja na vijiti na nyuzi za sufu alizoomba kwa mama, zile mama anafumia majwanyi, masweta ya baridi. Akagawa shamba. Upande wa mchanganyiko akafunga mimea michache kwa uzi mwekundu, upande wa aina moja kwa uzi wa buluu. Halafu akarudi Beni kufundisha.

Nani alibaki kuhesabu? Mimi. Nilikuwa nimeacha shule, nakaa kwa koko. Yaya alinipa kaye, yaani daftari, yenye mistari aliyoipiga kwa rula: kila Alhamisi, mmea kwa mmea, majani mangapi yana madoa, tangu majani ya kwanza mpaka kuvuna. Niliipenda ile kazi kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Nilikuwa nainama asubuhi, umande ukilowesha magoti, nageuza jani moja moja kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Koko aliniita karani wa maharage.

Mwisho wa msimu yaya alipokea kaye, akaifungua, akapiga mkono juu ya paja. «Hapana hata nafasi moja wazi! Mudogo wangu, uko sérieuse.»

Nami nikacheka, nikatazama pembeni.

Miaka ikapita kidogo kabla hajaandika. Kilichomsukuma ni cheo: bila artikle iliyotoka katika revue, assistant anabaki assistant, na mwisho wa mwaka institut inafunga dosie, yaani faili, za wale wanaopanda cheo. Telefone yake ilikuwa imeibiwa na mail yake ikafungwa pamoja nayo, kwa hiyo tukafungua mail mpya kwetu sekretaria, ufunguo wa siri nikawa nao mimi peke yangu. Alikuwa anatuma kurasa kwa picha, ninazipiga; kaye nayo aliniletea ili nipige hesabu zake. Na ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kulikuwa na majina mawili: lake na la mkubwa wake wa kazi.

Nikampigia saa ile ile.

«Ule mukubwa wako alihesabu majani gani?»

«Alisoma plan yangu, akasahihisha.»

«Alifika ku kilima?»

«Mais hapana.»

«Na miye?»

«Weye ulinisaidia sana, ma petite. Wasingya.»

Wasingya kwetu ni asante. Niliimeza ile asante, haikunishibisha.

Siku mbili baadaye akanipigia tena. «Bon, sikia. Mbele ya kutuma, toa majina yote mule ndani. Yangu, ya mukubwa, ya institut, hata ya kilima ya koko. Majina itaenda ku fichier ya pembeni, miye mwenyewe nitaitengeneza. Bale benye batasoma, habapashwe kujua ni nani aliandika.»

«Na yangu?»

«Yako iko wapi mule?»

Hakusema kwa ubaya, najua. Mtu anayejibu haraka, chaki mkononi, wanafunzi wanamngoja. Mais nilitafuta jina langu katika kurasa zote ili nipate hata furaha ya kulifuta, halikuwamo.

Kisha akanieleza jinsi revue inavyofanya, na hapo nilisahau kukasirika, kwa sababu nilikuta ni jambo zuri. Artikle inafika kwa mkubwa wa revue. Anaangalia kwanza kama inawahusu na kama imefuata kanuni zao. Ikiwa hapana, anairudisha bila kuisumbua zaidi. Ikiwa ndiyo, anatafuta watu wawili wanaojua ule ugonjwa, popote walipo duniani, anawatumia bila jina. Hawajui wewe ni nani, wewe nawe hutajua ni nani. Hawalipwi. Kila mmoja anasoma peke yake, anaandika anachoona, kizuri na kibaya. Mkubwa wa revue anaweka ripoti zile mbili mbele yake na kukata neno: tunapokea, sahihisha kidogo, sahihisha sana, ama tunakataa. Ukiambiwa sahihisha, unajibu kila neno lao moja moja, na kazi inarudi mikononi mwa wale wale.

«Kama examen d'État,» nikasema. «Karatasi inaondoka na namba tu, inaenda kusahihishwa mbali, hata ukiwa na mujomba mukubwa hapana kitu atakufanyia.»

«Voilà. Umeelewa.»

Nilielewa, na chai ya moto ikarudi tumboni. Karatasi yake ya examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, iliwahi kuondoka hivyo na kurudi na ushindi. Yangu haikuwahi kuondoka kwenda popote. Na sasa inaondoka tena kitu chake, na watu wawili wenye akili watakaa chini, mahali fulani, kumsoma yeye.

Tulituma. Nilibonyeza mimi, bila kuifungua ile fichier ya pembeni, faili ya majina. Miezi ikapita, na kila asubuhi nilifungua ile mail kabla ya kufungua dirisha la kazini. Nilianza hata kuwatengenezea sura wale wasomaji. Wa kwanza nilimpa miwani na sauti ya pole. Wa pili nilimpa ndevu. Nilikuwa na wivu hata juu yao: yeye alikuwa na watu wa kumsoma, mimi sikuwa nao.

Barua ilifika Jumatatu, mvua ikipiga bati. Nikaifungua. Nilikuwa na ruhusa ya kuifungua, sikuwa na ruhusa ya yale mengine.

Sahihisha sana, alisema mkubwa wa revue. Alitupa mwezi mmoja. Chini yake ripoti mbili. Msomaji wa kwanza alikuwa mpole kweli, kama yule wangu wa miwani. Wa pili alikuwa ameweka maneno yake kwa namba. La kwanza: utangulizi ni mrefu na unatumia vitabu vya zamani. La pili: sentensi nzito, zipunguzwe. La tatu lilifanana na la pili. Niseme ukweli: nilifurahi. Nilijisikia mwepesi, nikatabasamu peke yangu mbele ya mashine, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama ni mchumba ameandika. Professeur wa mama, sahani za maua, naye anapigwa kalamu nyekundu!

Nikafika neno la saba.

Msomaji wa pili aliandika hivi: katika tableau ya tatu, yaani jedwali la majani yenye madoa, mstari wa wiki ya sita na mstari wa wiki ya saba inafanana na ule wa wiki ya tano, namba kwa namba, katika mimea yote. Ugonjwa huu hausimami hivyo katikati ya mvua. Mwandishi aeleze, ama hesabu zirudiwe. Bila jibu la kuaminika, hawezi kushauri artikle ipokewe.

Ile mistari miwili ilikuwa yangu. Mtu asiyenijua, mahali nisipopajua, alikuwa amesoma kitu kilichotoka mkononi mwangu, vilevile nilivyoota, na akaweka kidole pale pale nilipodanganya.

Wiki ya sita, mwenye shamba la juu yetu alifariki. Kwetu, matanga yakiwa kwenye kilima, jembe haliingii shamba mpaka familia iseme yameondoka. Si jembe tu. Hata kupita katikati ya maharage na mikono mitupu, watu wanaona umefurahi. Kabla matanga hayajaondoka, mke wake akamfuata. Alhamisi mbili. Alhamisi ya kwanza nilitoka na kaye yangu chini ya kitenge, koko akanishika mkono mlangoni.

«Unaenda wapi na ile?»

«Kuhesabu tu, koko. Nitapita chini chini.»

«Batasema tuko nafurahia kilio yao. Rudia ndani.»

Nikarudi. Nikakaa juu ya mkeka, kaye imefunguka, mistari miwili mitupu inanitazama. Mwalimu wangu wa primaire alikuwa na kanuni moja: nafasi wazi, zéro. Andika kitu chochote, mais usiache nafasi wazi. Na mimi nikafikiri hivi, kweli nilifikiri hivi: kama hakuna mtu aliyeingia shambani, basi hakuna kilichobadilika shambani. Majani nayo yako kwenye matanga. Nikarudia namba za wiki ya tano, mara mbili, kwa bic ile ile. Na matanga yalipoondoka nikaendelea kuhesabu vizuri mpaka mwisho, kwa hiyo nikajisahaulisha.

Sasa ungedhani ningempigia yaya mara moja. Sikumpigia. Kwanza ilikuwa aibu. Halafu nikajua, kwa sababu namjua mtu niliye, kwamba haikuwa aibu peke yake. Nilitaka kidogo asipande. Nilitaka mwisho wa mwaka umkute pale pale, ili kati yake na mimi pasiongezeke ngazi nyingine. Naandika hili na masikio yangu yana moto.

«Barua imefika?» aliuliza Jumatano.

«Bado, yaya.»

«Imefika?» Ijumaa.

«Bado.»

Siku ya nane alipiga saa sita mchana, sauti yake chini.

«Mudogo wangu, miye naona balitukatala.»

«Sababu gani unasema hivyo?»

«Utangulizi wangu iko mubaya. Niliandika na vitabu ya zamani, njo nilikuwa nayo. Na français yangu unaijua, inatembea kama mutu amebeba gunia. Nikiwaza ile, sipate usingizi. Kitu moja tu hainipe woga, ni hesabu zako. Hapo roho yangu iko kimya. Kaye ya mudogo wangu, hapana mutu ataigusa.»

Nilisimama na telefone sikioni, mashine ya fotokopi ikitoa karatasi za mtu. Kama angenikemea, pengine ningenyamaza siku nyingine nane. Mais alinisifu, tena kwa kitu kile.

«Yaya, barua ilifika.»

«Lini?»

«Juma tatu ya juma iliyopita.»

«Iko namna gani?»

«Haikukataliwa. Mais… niko nakuja kesho. Nitaleta kaye.»

Mama hakupenda niende. Barabara ya Beni, mtu anauliza kwanza habari zake kama anavyouliza habari za mgonjwa. «Kaye gani inaweza kukuondoa hapa?» alisema. Nikamwambia ni kaye ya yaya, akaninyamazia, kwa sababu kitu cha yaya kina njia yake. Hata hapo, niliona wivu! Asubuhi barabara ilikuwa tulivu, Mungu asifiwe, nikafika kabla ya saa nne.

Sikuwa nimewahi kuona biro yake, yaani ofisi. Kichwani mwangu ilikuwa na pazia na kiti cha kuzunguka. Niliikuta ni pembe ya chumba, katikati ya makatoni, meza yenye mguu mmoja uliokalia tofali. Yaya alikuwa amekaa pale; mwenzake wa kazi, kijana mwenye koti, akainuka kunipa kiti.

«Ah! Huyu njo ule wa kaye? Yaya yako anatuchokesha na weye. Tukiacha kitu tupu ku makaratasi ya fiche za wanafunzi, anasema: angalieni mudogo wangu, hakuachaga hata nafasi moja.»

Nilitamani lile tofali linimeze. Bahati nzuri alikuwa na kipindi, akatoka.

Nikaweka barua mezani, nikaweka kaye juu yake, nikafungua wiki ya tano, ya sita na ya saba. Yaya alisoma neno la saba. Akatazama kaye. Akasoma tena.

«Hii uliandikia wapi?»

«Ku mukeka, kwa koko. Kulikuwa matanga mbili, ya mwenye shamba ya juu na ya bibi yake. Koko alinikataza.»

«Maharage uliiona?»

«Hapana.»

«Juu ya nini hukuacha tupu?»

«Nilikuwa naogopa zéro.»

Akafunga macho. Akafungua. «Na ile siku nane? Ulikuwa naogopa nini?»

«Sikuwa naogopa tu. Siku ya kwanza… nilifurahi kidogo. Ile ya utangulizi.»

«Ulifurahi.»

«Kidogo. Niko na wivu, yaya. Toka zamani.»

«Ya nini? Ya hii?» Akaitikisa meza kwa mikono miwili, tofali likatoka, kalamu zote zikaanguka sakafuni. Hatukucheka. Tuliokota tu, kila mtu upande wake, na chini ya meza pale akasema kama mtu anayesema na kalamu: «Miye nilikuwa na wivu yako. Weye ulikaa na koko ule musimu wote. Miye nilikuja siku mbili, nikarudi. Sasa kilima iko wapi? Nani atanirudisha pale?»

Alikuwa na hasira bado, shingo yake ilikuwa imekaza, na nilijua sitasamehewa siku ile. Mais alivuta kiti cha pili.

«Tutajibu nini?» nikauliza. «Sema ni mashine. Sema ni miye nilikopi mubaya wakati ya kupiga. Inafanyikaga.»

«Ule mutu aliona mistari mbili kati ya yote. Unafikiri uongo ya pili haitaona?»

«Ama tuseme mvua iliharibu kaye.»

«Ma petite, nyamaza. Andika.»

Akanisukumia ordinateri, kompyuta ya mwenzake. Akasema, nikapiga. Maneno mengine yote alijibu kwa haraka: utangulizi tumeukata, sentensi tumezipunguza. Kwa la saba alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Msomaji ana haki, alisema. Wiki hizo mbili hakuna aliyehesabu. Kulikuwa na matanga kwenye kilima, na kwa desturi ya pale hakuna anayeingia shambani wakati wa matanga. Aliyekuwa anahesabu alirudia namba za wiki ya tano ili asiache nafasi wazi. Tumeziondoa, tumefanya hesabu upya. Kurudia msimu hatuwezi, kwa sababu kilima hicho hakifikiki tena.

Aliyekuwa anahesabu. Nilikuwa nimelilia miezi yote niwemo ndani ya ile kazi, sasa niliingia, bila jina, kwa mlango wa kosa langu. Nilipiga herufi kwa herufi, na nilikuwa mwepesi kuliko siku zote ili nimalize.

Hesabu mpya ilichukua mchana mzima. Mchanganyiko wa koko ulikuwa bado na madoa machache kuliko aina moja, mais tofauti ilikonda. Yaya aliitazama ile tofauti nyembamba kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia mtoto aliyetoka hospitali. «Bon,» akasema. «Njo ukweli yake hii.» Tukatuma kutoka pale pale.

Kwaheri yake ilikuwa fupi.

Mwezi uliofuata hakuja Vulamba. Wala ule mwingine. Mama akaniuliza kama nimemkosea yaya, nikasema ana kazi. Siku ya Mungu tulikula kwa sahani za kila siku, na mimi, mtu wa wivu, nikajikuta natazama zile za maua juu ya kabati. Dosie za institut zilikuwa karibu kufungwa. Nilikuwa nimechelewesha siku nane kati ya siku zake, juu ya kumharibia wiki mbili. Kama revue ingekataa, hakuna ambaye angemwambia mama kwa nini, kwa sababu yaya hasemi. Hilo ndilo lilinichoma zaidi.

Barua ya pili ilifika saa tatu asubuhi. Niliona jina la revue, sikuifungua. Nilimpigia huku mteja akinigongea meza.

«Imekuja.»

«Fungua.»

«Fungua weye. Nakutumia sasa hivi.»

«Miye niko na woga. Fungua, usome kwa sauti.»

Nikasoma. Msomaji wa kwanza hakuwa na neno tena. Msomaji wa pili, mwenye ndevu wangu, alikuwa na maneno mawili. La kwanza: tofauti ikiwa ndogo na ya kweli, anaiamini. La pili: maelezo juu ya matanga yasibaki katika barua ambayo anaisoma yeye na mkubwa wa revue tu. Yaingizwe ndani ya artikle, mahali pa kueleza jinsi kazi ilivyofanyika, kwa sababu yeyote atakayehesabu kitu kwenye milima ile anapaswa kujua kwamba ziko siku ambazo shamba halihesabiwi. Katika tableau, wiki hizo mbili ziachwe wazi. Chini yake, mkubwa wa revue: artikle inapokelewa, baada ya masahihisho haya madogo.

Nikamsikia akivuta kamasi.

«Yaya? Uko nalia?»

«Niko nakula.»

«Saa tatu hii uko nakula nini?»

«Somea tena. Ile ya mwisho.»

Nikasoma tena. Mteja akachoka, akaenda kwa jirani.

Kwa kuwa imepokelewa, majina yalirudi. Yaya alinitumia ukurasa wake, nikaupiga: jina lake, jina la mkubwa wake ambaye hajui kilima kiko upande gani, institut. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, shukrani: kwa koko, aliyetoa shamba na mbegu, halafu kwangu mimi, niliyehesabu. Aliniandikia kwamba shukrani zilikuwa katika ile fichier ya pembeni tangu siku ya kwanza, mimi sikuiona tu. Nilisoma jina langu mara nyingi. Ningependa kusema kwamba wivu uliisha pale. Ulisogea tu tumboni, ukapata mahali pazuri zaidi pa kukaa. Niliongeza hata ukubwa wa herufi za jina langu, kidogo sana, hakuna ambaye angeona. Nikakumbuka yule mtu wa pili anavyoona. Nikarudisha.

Yaya alikuja Siku ya Mungu. Alipanda cheo baadaye, mais siku ile ilikuwa bado karatasi tu. Mama alishusha sahani za maua na kuita jirani. Mimi nilikuwa nimeprinti artikle kazini, kurasa zote. Koko hakusoma shule. Alizipokea kwa mikono miwili, akazigeuza, akanipa mimi.

«Karani, kazi yako iko wapi humu?»

Yaya akanitazama kuona nitaonyesha wapi. Jina lilikuwa ukurasa wa mwisho. Nikafungua tableau ya tatu, nikaweka kidole juu ya mistari miwili isiyokuwa na namba, vistari vidogo tu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

«Hapa.»

«Mbona hapana kitu?»

«Ni ile juma mbili za matanga, koko. Ya mwenye shamba ya juu, na ya bibi yake.»

Koko akainama karibu. Kidole chake kikapita juu ya mstari wa kwanza, polepole, akataja jina la mzee. Kikapita juu ya wa pili, akataja la mke.

«Balibaandika?»

«Ee, koko,» akajibu yaya kabla yangu. «Mudogo wangu njo alibaandika.»